Uzi: Khandaq 961. Kwa nini safari hii Warumi hawakurudi mikono mitupu?

#1 Mwanahandaki

Habari za jioni wanajukwaa.

Kuna jambo linanisumbua kila nikisoma habari za kisiwa cha Kreta. Waislamu waliofukuzwa Andalusia waliishika Kreta tangu miaka ya 820, wakajenga mji wao mkuu pwani ya kaskazini, wakauita Rabad al-Khandaq, ngome ya handaki. Ndilo handaki hilihili letu, sote tumelitoa kwenye Kiarabu. Warumi wa Mashariki, hawa tunaowaita Wabizanti, walikwenda kuirudisha mara kwa mara na kushindwa: Krateros mwishoni mwa miaka ya 820, Theoktistos 843, Himerios 911, Gongyles 949. Halafu tarehe 13 Julai 960 Nikephoros Phokas akashusha jeshi, na 6 Machi 961 mji ukaanguka.

Swali langu: kati ya 949 na 960 kilibadilika nini? Ni miaka kumi na moja tu. Meli za aina ileile, moto wa Kigiriki uleule wa kumwagia meli za adui, ukuta uleule.

Mimi nasema ni nafaka. Gongyles alikwenda kupigana, Phokas alikwenda kukaa. Alipiga kambi akijua majira ya baridi yatamkuta palepale. Nipingeni.

#2 KasukuWaBandarini

Mkuu umemruka Bardas, mjomba wa mfalme, 866. Huyo hata Kreta hakufika. Jeshi lilikuwa limeshakusanyika mlangoni mwa mto Maeander, Basileios, kipenzi wa ikulu, akamuua tarehe 21 Aprili mbele ya mfalme Mikaeli III, na safari ikafia hapohapo.

Sasa mtazame Theoktistos. Alishuka Kreta vizuri, kisha akasikia uvumi kwamba huko Konstantinopoli wanataka kumsimika mfalme mwingine. Akapanda meli mbio kurudi, na jeshi aliloliacha likachinjwa. Himerios naye aliondoka wakati mfalme Leo VI yu kitandani anakufa. Safari tatu zimevunjwa na mambo ya ikulu. Kwa hiyo mimi nafaka naiweka ya pili. La kwanza ni kwamba 960 nyumbani kulikuwa kumetulia: mfalme Romanos II kijana amekaa, na Ioseph Bringas, mkuu wa ikulu, ndiye aliyeipigania safari barazani wakati wengine wanasema ni hasara tupu.

#3 BintiMvita

Mwanahandaki, hoja yako ya baridi inapwaya kwa Himerios. Alianza kuuzingira mji vuli ya 911 na aliondoka majira ya kuchipua ya 912. Naye amekaa baridi nzima. Hakuuvunja ukuta, na akirudi, karibu na kisiwa cha Chios akakutana na Leo wa Tripoli na Damianos wa Tarso, majemadari wa meli za Waislamu, wakazimaliza meli zake moja baada ya nyingine. Kama siri ni kukaa baridi, Khandaq ingeanguka 912.

#4 Mwanahandaki

Dada BintiMvita, hilo nakubali, na nilipaswa kulitaja. Ila tofautisha kukaa na kukaa. Himerios alikuwa mtu wa meli. Orodha ya malipo ya safari yake ipo hadi leo: wamo Warusi 700 waliolipwa kentenari moja ya dhahabu, yaani sarafu 7,200. Nguvu yake ilikuwa majini. Phokas alikuwa Domestiko, yaani kamanda mkuu, wa majeshi ya Mashariki, amezoea mipaka ya Kilikia na milima ya Taurus. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya shambulio la mwanzo kushindwa ni kuchimba mtaro na kujenga boma kutoka pwani hadi pwani, mji ukabaki ndani ya kitanzi. Aliyemo hatoki, wa nje haingii, na kambi yenyewe inalindwa pande mbili.

Gongyles 949 hakuiwekea kambi yake hata boma la kawaida wala walinzi wa mbele. Wakavamiwa humohumo.

#5 HesabuKwanza

Kabla hamjaendelea, tupige hesabu, maana wengi hapa wananukuu idadi za ajabu.

Mwandishi mmoja wa tarehe wa Kigiriki anatoa meli 3,307: khelandia 2,000 zenye moto, dromoni 1,000 (zote mbili ni meli za vita za makasia), na 307 za mizigo. Zichukue dromoni peke yake. Kumbukumbu za serikali za 949 zinaonyesha dromoni moja ina watu 300, kati yao 230 wapiga makasia na 70 askari wa kupigana. Dromoni 1,000 zinahitaji watu 300,000, na khelandia hujazigusa. Dola nzima isingeweza kuwapata wala kuwalisha. Mimi naziona zile 307 za mizigo ndizo zina sura ya kweli, maana namba ya kutia chumvi huwa ya mviringo.

Sasa nafaka. Kwa mfano tu, weka watu 30,000. Kila mmoja kilo 1 ya ngano au mkate mkavu kwa siku, ni tani 30. Kutoka 13 Julai hadi 6 Machi ni siku 236. Hiyo ni tani 7,080, bila divai, bila mafuta, bila jibini. Ongeza farasi 4,000 kwa kilo 5 za shayiri: tani 20 kila siku, tani 4,720 kwa muda wote. Jumla tani 11,800. Hakuna msafara wa meli unaobeba mzigo huo kwa safari moja pamoja na jeshi. Kwa hiyo lazima chakula kiliendelea kuja, au kilichukuliwa kisiwani, au vyote viwili.

#6 MlinziWaGhala

HesabuKwanza, shukrani. Na kweli kilikatika! Katikati ya baridi jeshi la Phokas lilipata njaa, mvua na baridi kali, askari wakaanza kunung'unika wakitaka kurudi. Kilichowaokoa ni shehena aliyoipeleka Bringas kutoka Konstantinopoli. Kwa hiyo mwanzisha uzi ana nusu ya haki: maandalizi ya mwanzo hayakutosha. Kilichotosha ni mtu aliyebaki ikulu akakumbuka kutuma meli nyingine wakati bahari ya baridi haitaki meli.

Hapo ndipo ninaungana na KasukuWaBandarini. Himerios nyuma yake alikuwa na mfalme anayekufa. Phokas nyuma yake alikuwa na Bringas mwenye sababu zake za kutaka ushindi.

#7 NahodhaMstaafu

Mabaharia mmetuacha nyuma, ngoja niweke upande wa maji.

Kuna orodha ya vituo vya njia hiyo katika kumbukumbu za ikulu: kutoka Konstantinopoli unapita Herakleia, Prokonnesos, Abydos, Tenedos, Mytilene, Chios, Samos, Phournoi, Naxos, Ios, Thera, kisha Dia, halafu Kreta. Angalieni umbali wa kipande kwa kipande. Kote huko unalala kisiwani kila usiku au usiku wa pili. Pagumu ni mwisho tu, kutoka visiwa vya Thera hadi Dia, karibu kilomita 100 za bahari wazi.

Kwa nini lazima kulala nchi kavu? Maji. Mpiga makasia akitoka jasho kwenye jua la Julai, hata ukimpa lita 4 tu, watu 300 wanakunywa lita 1,200 kwa siku. Siku tatu ni tani 3.6 za maji ndani ya chombo chembamba kilichojaa watu, silaha na mitungi. Ukizidisha maji, chombo kinazama hadi matundu ya makasia yanakaribia mawimbi. Ukipunguza, siku ya tatu makasia yanalegea. Ndiyo maana msafara wa kijeshi ulikusanyika Phygela karibu na Efeso: pwani ya chakula, maji ya kutosha, na visiwa vimejipanga mbele kama mawe ya kuvukia mto.

Upepo: Julai na Agosti bahari ile inavuma upepo wa kaskazini, ule Wagiriki wanaouita meltemi. Unakusukuma kusini moja kwa moja. Msiuchanganye na kaskazi yetu ya Desemba hadi Machi, kila bahari ina kalenda yake. Ubaya wake ni kwamba unaokupeleka Kreta ndio unaokuzuia kurudi, na pwani yote ya kaskazini ya Kreta inakuwa pwani ya kupigwa. Nanga ikiteleza usiku, umekwenda na mawe.

#8 KasukuWaBandarini

Nahodha umenikumbusha: inasimuliwa kwamba walipofika Ios hapakuwa na nahodha anayeijua vizuri njia ya mbele, maana kwa zaidi ya miaka 130 hakuna chombo cha Warumi kilichokwenda kule kwa amani. Walioongoza kipande cha mwisho ni mabaharia wa Karpathos. Ujuzi wa njia ukipotea kwa vizazi vinne, orodha ya vituo haikusaidii.

#9 Mdadisi_Pemba

Wakuu mimi ni msomaji tu. Naona Abu Hafs alitumwa na khalifa wa Baghdad kuiteka Kreta, ni sawa? Na huyo mfalme Romanos aliongoza jeshi mwenyewe?

#10 BintiMvita

Hapana kwa yote mawili, ndugu.

Abu Hafs Umar al-Balluti na watu wake ni wakimbizi wa Kordoba. Kitongoji chao kiliasi dhidi ya amiri al-Hakam mwaka 818, wakafukuzwa. Kundi moja likaishia Iskandaria, likaushika mji ule miaka kadhaa, mpaka Abdallah ibn Tahir, jemadari wa Wabbasi, alipowatoa kwa masharti yapata 827. Ndipo wakavuka Kreta. Kwa hiyo Wabbasi waliwaondosha Misri, hawakuwatuma. Baadaye maamiri wa Kreta walimtambua khalifa wa Baghdad kwa jina, ila walijitawala na kupiga sarafu zao. Hizo sarafu ndizo zimesaidia wanahistoria kupanga orodha ya maamiri, kwa sababu maandishi yao wenyewe karibu yote yamepotea.

Romanos II alibaki Konstantinopoli. Baba yake na babu yake nao hawakuwa wakienda vitani wenyewe.

#11 FundiChokaa

Nilikuwa nasubiri mtu aguse ukuta, maana mji hauanguki kwa njaa ya anayeuzingira.

Leo Diakonos, mwandishi wa tarehe wa Kirumi aliyeandika kizazi kimoja baadaye, anaueleza hivi: ukuta wa udongo uliochanganywa na manyoya ya mbuzi na ya nguruwe, ukashindiliwa hadi ukawa mgumu. Upana wake juu unatosha magari mawili kupishana. Nje yake mahandaki mawili, mapana na yenye kina.

Anayejenga kwa udongo anajua manyoya yanafanya nini. Udongo mtupu ukikauka unapasuka, ufa unaanza juu unashuka chini. Nyuzi zinashika pande mbili za ufa, hauendelei. Na jiwe la manjaniki, mtambo wa kurusha mawe, likigonga ukuta wa mawe, linavunja jiwe, jiwe linaanguka, la juu yake linafuata. Likigonga udongo ulioshindiliwa linazama, linaacha shimo kama ngumi kwenye unga wa ugali, basi. Ukirusha siku nzima umechimba mashimo tu. Ndiyo maana mitambo ya miezi yote ile haikufungua njia.

Kilichoufungua ni kuchimba chini. Gogo la kubomolea lilipelekwa sehemu moja, likawa linagonga kwa kelele. Huku mafundi wakashuka ndani ya handaki na vyombo vya kukatia mawe, wakaanza kula msingi, mahali ambapo Leo anasema palikuwa na jiwe laini la mchanga. Ukishaingia chini ya ukuta, unaweka nguzo za mbao kila hatua, maana usipoweka, ukuta unakuangukia wewe kabla ya adui. Ukipata nafasi ya kutosha, unajaza kuni kavu na chochote kinachoshika moto haraka, unawasha, unatoka. Nguzo zinaungua, ukuta unabaki umeninginia, unashuka kwa uzito wake. Khandaq ilikatika minara miwili na ukuta wa katikati yake.

Yanayoharibika hapo ni mengi. Kuni zikiwa mbichi, moto unafuka bila kula nguzo. Nguzo zikiungua upande mmoja kwanza, ukuta unalala kidogo tu, na udongo ulioshindiliwa ukilala bado ni ukuta. Maji yakiingia shimoni kazi imekwisha, na walio ndani wakisikia mchimbo wanachimba kukutana nawe. Kwa hiyo kelele za gogo zilikuwa na kazi yake hata kama gogo lenyewe halikuvunja kitu.

#12 UstadhWaUsiku

FundiChokaa, maelezo safi, ila hayo manyoya ya nguruwe yananipa shida. Waliojenga ni Waislamu wa Kordoba. Nguruwe wa kutosha ukuta wa mji mzima wametoka wapi? Naona hilo ni neno la mwandishi wa Kikristo la kutaka kuwachafua.

#13 FundiChokaa

Sheikh, inawezekana. Lakini fikiria pia kwamba wakulima wengi wa Kreta walibaki Wakristo chini ya maamiri, na nguruwe walifugwa vijijini. Kibarua wa kushindilia udongo ni mwanakijiji aliyeletwa kazini, analeta manyoya yaliyopo. Tena Leo hakuitaja habari hiyo kwa kukebehi, anaitaja kama sifa ya ugumu wa ukuta.

#14 UstadhWaUsiku

Au kazi ya kwanza ilikuwa ya Warumi wenyewe na Waislamu wakaipandishia juu. Pale palikuwa na makazi kabla yao. Sijaridhika, ila tuliache lisiuteke uzi.

#15 Mpandafarasi

Hakuna aliyegusa kushuka pwani, na kwangu ndiko ushindi ulipopatikana au kukosekana.

Safari nyingi za majini hufa kwenye mchanga. Chombo kinagusa, watu wanaruka maji ya kiunoni, ngao zimelowa, mistari haijapangwa, adui yuko juu anasubiri. Phokas alikuwa na madaraja ya mbao ndani ya meli za farasi. Meli ikigusa pwani, daraja linateremshwa, na askari wanatoka wakiwa wameshapanda, na silaha zote mwilini, hadi nchi kavu. Leo Diakonos anasema Waislamu waliokuwa pwani walishangaa kwa jambo wasilopata kuliona. Jeshi likajipanga mafungu matatu palepale, ngao mbele, likasonga, na waliokuja kulizuia wakarudi mbio hadi ndani ya lango.

#16 NahodhaMstaafu

Mpandafarasi, swali la kitaalamu. Farasi aliyesimama ndani ya meli siku kadhaa anatoka miguu imevimba na kichwa kinazunguka. Humpandi ukashambulia. Lazima walipumzishwa mahali, na mimi naona ni visiwani, pengine Dia yenyewe, iliyo kama kilomita 12 mbele ya mji.

#17 Mpandafarasi

Kwa vituo kipande kwa kipande ulivyovitaja, farasi walishushwa mara kadhaa njiani wakatembezwa na kunyweshwa. Bila madaraja hayohayo hilo nalo lisingewezekana kila usiku. Kwa hiyo daraja lilifanya kazi njia nzima. Dia naiogopa, ni kavu, na ukikaa pale mji mzima unakuona.

#18 HesabuKwanza

Nyongeza ndogo kwa wanaopenda vifaa. Orodha ya 949 inampa kila dromoni, pamoja na vingine: panga 100, pinde 50, mishale 10,000, deraya 70, sifoni 3 za kumwagia moto, na miiba ya chuma 10,000, ile yenye ncha nne ambayo ukiitupa namna yoyote ncha moja inaangalia juu. Gongyles alikuwa navyo vyote hivyo. Miiba ile ni ya kumwaga mbele ya kambi usiku. Ukiwa nayo ndani ya boksi na askari wamelala, ni chuma tu.

Kwa hiyo anayesema Phokas alishinda kwa silaha bora aonyeshe silaha gani Gongyles hakuwa nayo. Nje ya yale madaraja, mimi sioni.

#19 MlinziWaGhala

Na kabla hatujamfanya Phokas mtu asiyekosea, tumtaje Pastilas. Nikephoros Pastilas, strategos (jemadari na gavana) wa jimbo la Thrakesion, mkongwe wa vita vya mpakani, alitumwa na kikosi teule kwenda ndani ya kisiwa kupeleleza. Amri ilikuwa wasitawanyike. Wakakuta mashamba yamejaa vyakula na divai, wakala, wakanywa, wakalewa. Waislamu waliokuwa wamejificha juu wakashuka. Pastilas akafa na wengi wake.

Ni kosa lilelile la Krateros. Naye alishinda siku ya kwanza, watu wake wakasherehekea, usiku wakachinjwa kambini. Krateros mwenyewe alikimbia, akafuatwa hadi kisiwa cha Kos akauawa.

Tofauti ni kwamba Krateros alilewesha jeshi zima, Phokas alipoteza kikosi kimoja. Na baada ya Pastilas ndipo akaharakisha boma la kuzunguka kambi.

#20 KasukuWaBandarini

Hapo MlinziWaGhala umempiga Mwanahandaki bila kumtaja jina. Chakula kingi ndicho kilichomuua Pastilas!

#21 Mwanahandaki

Nimeipokea hiyo mkuu. Chakula kilichopangwa foleni ghalani na chakula cha kuokota shambani ni vitu viwili.

#22 BintiMvita

Bado mnaizunguka hoja ambayo mimi naiona ni ya kwanza: hakuna aliyekuja kuiokoa Kreta.

Amiri Abd al-Aziz ibn Shu'ayb aliomba msaada. Misri ilikuwa chini ya Waikhshidi, mwenye amri akiwa Kafur. Ifriqiya, yaani upande wa Tunisia ya leo, ilikuwa na Wafatimi chini ya al-Mu'izz. Hao wawili ni mahasimu, mmoja na khalifa wa Baghdad, mwingine anajiita khalifa mwenyewe. Barua za al-Mu'izz zimehifadhiwa. Kwa Romanos aliandika kwamba asipoondoka Kreta, mkataba wa kusimamisha vita kati yao umekwisha. Kwa Misri aliandika kwamba meli za pande mbili zikutane Tulmaytha, pwani ya Barqa (Libya ya leo), tarehe 20 Mei 961.

Hesabuni wenyewe: mji ulianguka 6 Machi. Siku 75 kabla ya tarehe ya kukutana.

Warumi waliijua hitilafu hiyo ya ndugu na waliitumia. Habari zilipofika Misri watu wa Fustat walipandwa na hasira wakayavamia makanisa, jambo lisilomsaidia mtu wa Kreta.

#23 UstadhWaUsiku

Dada, tarehe hiyo ya Mei isomwe vizuri. Barua imetoka wakati mzingiro umeshaanza, na meli za kivita hazitoki baridi. Mei ndiyo mwezi wa mapema wa kawaida. Al-Mu'izz hakuchelewesha makusudi, alifuata kalenda ya bahari. Kosa ni la waliodhani ukuta utahimili hadi Mei kama ulivyohimili 912.

Na pengine hiyo ndiyo sababu ya Phokas kulazimisha shambulio la mwisho Machi, kabla bahari haijafunguka kwa wote.

#24 NahodhaMstaafu

Sheikh, hiyo naiunga mkono kwa asilimia mia. Machi mwanzoni ndiyo dirisha lake la mwisho.

#25 FundiChokaa

Au udongo ulikuwa umelowa mvua za miezi minne, na msingi unachimbika kirahisi. Nanyi watu wa bahari mnapenda kila kitu kiwe upepo.

#26 Mpandafarasi

BintiMvita, si kweli kwamba hakuna aliyekuja. Kutoka ndani ya kisiwa lilikusanyika jeshi milimani, Leo Diakonos anasema 40,000, ipunguzeni mnavyopenda. Phokas aliambiwa na wenyeji. Akawapumzisha askari mchana, akatoka usiku na kikosi teule kikiongozwa na hao wenyeji, akauzingira mlima kimyakimya, kisha tarumbeta na ngoma zikalia kwa pamoja. Waliokuwa wamelala hawakujua pa kukimbilia. Kisha akaahidi fedha kwa kila kichwa, wakavibeba kwenye mifuko. Asubuhi vingine vikapachikwa kwenye mikuki mbele ya ukuta, vingine vikarushwa ndani kwa mitambo. Watu wa mjini wakawa wanatambua ndugu zao.

Ukuta haukubomoka siku ile, ila matumaini ya watu wa ndani yalibomoka. Ilikuwa unyama, na niseme hivyo bila kuzunguka.

#27 Mdadisi_Pemba

Wenyeji hao waliomwongoza ni Wakristo wa Kreta?

#28 Mpandafarasi

Ndiyo inavyoelekea. Na hilo nalo ni tofauti na jeshi linalokaa pwani tu: mwenye njia za milimani anapata habari.

#29 TarehenaTarehe

Wakuu mnaitazama Kreta peke yake. Jeshi la Mashariki lilipohamishwa kwenda kisiwani, mpaka wa Kilikia na Shamu ulibaki mwembamba, na Sayf al-Dawla, amiri wa Halabu (Aleppo), aliona. Akaingia Anatolia 960, akateka nyara na mateka. Akirudi, tarehe 8 Novemba, Leo Phokas, mdogo wake Nikephoros, akamvizia kwenye kipito cha Andrassos. Sayf al-Dawla aliponea chupuchupu, jeshi lake likaisha.

Sasa jiulizeni: Leo Phokas angeshindwa pale, Konstantinopoli ingemwacha Nikephoros Kreta baridi nzima? Angeitwa kama Theoktistos alivyojiita. Kwangu mimi Khandaq iliokolewa kwa Warumi milimani Taurus, mwezi wa nne wa mzingiro. Na Desemba 962 Nikephoros akaingia Halabu yenyewe.

#30 KasukuWaBandarini

TarehenaTarehe umeipa hoja yangu miguu. Shukrani.

#31 BintiMvita

Mfano wa kupima hoja: mji huohuo, karne saba baadaye. Waveneti waliuita Candia, kutoka Khandaq hiyohiyo. Waosmani waliuzingira kuanzia 1648 hadi 1669. Miaka 21! Kwa nini 1648 uhimili miaka 21 na 960 miezi minane? Kwa sababu Waveneti waliendelea kuingiza watu, unga na baruti kwa bahari. Abd al-Aziz hakupata hata mashua moja ya unga. Kwa hiyo aliyefunga bandari ndiye aliyeuchukua mji.

#32 FundiChokaa

Hapana, mfano huo haufai. Ukuta wa Candia ya Waveneti ni ukuta mwingine kabisa, wa mapembe yaliyochomoza ili kila upande ulindwe kwa mizinga ya upande wa pili, uliojengwa kwa ajili ya baruti. Mchimbaji akishuka handakini anapigwa kutoka pembeni. Mafundi wa 961 walichimba chini ya ukuta ulionyooka, na mlinzi wa juu hawaoni mpaka ainame nje na kifua chake. Ukitaka kulinganisha, linganisha 912 na 961, ukuta uleule.

#33 HesabuKwanza

Na bandari kufungwa haielezi kila kitu. Boma la nchi kavu lilifunga mashamba pia. Mji usiopata ngano ya ndani ya kisiwa unakula akiba ya mwaka mmoja, ikiwa ipo. Miezi minane haitoshi kuwaua kwa njaa watu waliojiandaa. Walipambana hadi mitaani siku ya mwisho, na mtu aliyedhoofu kwa njaa hapigani hivyo.

#34 MlinziWaGhala

Walipambana kweli. Ukuta ulipoanguka walijipanga ndani, wakarudi nyuma mtaa kwa mtaa. Phokas akaingia kuwazuia askari wasiwaue waliotupa silaha, kwa kiasi alichoweza. Baadaye akauacha mji kwa waporaji.

Amiri na familia yake walipelekwa Konstantinopoli, wakapewa ardhi ya kuishi. Hakuingizwa kwenye baraza la wakuu kwa kuwa hakukubali kubatizwa. Mwanawe Anemas aliingia jeshini kwa Warumi, akafa vitani Dorostolon 971 akipigana na Warusi wa Svyatoslav.

#35 Mdadisi_Pemba

Sasa mji wenyewe Phokas aliufanyaje? Aliubakisha?

#36 FundiChokaa

Alibomoa sehemu ya ukuta, kisha akajenga ngome nyingine juu ya kilima kusini, ndani zaidi, akaiita Temenos, akitaka watu wahamie huko. Kilima kina maji na miteremko mikali, kwa ulinzi ni pazuri kuliko pwani. Watu hawakuhama. Bandari iko Khandaq, soko liko Khandaq.

#37 Mwanahandaki

Nimesoma yote. Narekebisha hoja yangu hivi: shehena ya Bringas katikati ya baridi ndiyo iliyoamua, ile iliyobebwa mwanzo isingetosha. Kwa hilo MlinziWaGhala na KasukuWaBandarini mmenishinda nusu. Kwa FundiChokaa bado sijakubali, maana mchimbaji naye alikula kila siku za zile 236.

#38 FundiChokaa

Walikula siku zote hizo, na ukuta ukasimama vilevile hadi kuni zilipowashwa.

#39 TarehenaTarehe

Kuhusu siku yenyewe ya kuanguka, mtakutana na 7 Machi sehemu nyingine. Msigombane, wengi wanashika 6.